Mlango wa unasihi shuleni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ofisi yetu ya unasihi zamani ilikuwa stoo ya majembe. Tuliyahamisha majembe, tukaweka viti viwili vya plastiki na meza ambayo mguu wake mmoja umekalia kipande cha tofali. Hapo ndipo ninapokaa saa za unasihi. Saa nyingine niko darasani nafundisha Historia, kama walimu wengine wa sekondari za serikali hapa Tanzania. Maswali haya yamenifikia kwa miaka kadhaa: mengine kwa simu za wazazi, mengine kwenye vikaratasi vilivyokunjwa mara nne ndani ya sanduku la maoni, na mengine kutoka kwa wale wanaoanza na "mwalimu, kuna rafiki yangu ana tatizo". Rafiki huyo mara nyingi ndiye aliyekaa mbele yangu. Nimeyajibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Unasihi ni nini hasa? Mwanangu anasema "nimeitwa kwa mwalimu wa malezi" kama mtu aliyefumaniwa.

Kwa sababu shuleni kuitwa ofisini kumezoeleka kuwa na maana moja: umekosa. Ndiyo kazi yetu ngumu ya kwanza, kumtoa mtoto kwenye mazoea hayo.

Ushauri ni pale ninapomweleza mwanafunzi njia zilizopo, kwa mfano tofauti ya kuchukua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na kuchukua HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akifika kidato cha tano. Unasihi ni pale ninaponyamaza. Mwenye jambo analitoa, analigeuza, analitazama, na mimi namuuliza maswali mpaka aone mwenyewe pa kuanzia. Mnasihi anayeongea kuliko mwanafunzi anahubiri.

Wazee wetu hawakuwa na neno unasihi, lakini walikuwa na mtu wake. Binti alikuwa na somo wa kumfunda au shangazi, kijana alikuwa na mjomba au babu. Mtoto hakumwambia mama kila kitu, na wala hakuna aliyetarajia amwambie, ila alikuwa na wa kumwambia. Sasa mtoto yuko bwenini miezi mitano, shangazi yuko Tunduma anauza nguo, babu anapatikana kwa simu akipanda kichuguu. Aliyebaki karibu ni mwalimu.

Sisi tulisoma bila mambo haya na tukafaulu. Watoto wa siku hizi si wanadeka tu?

Waliofaulu ndio wanaosimulia. Kwenye darasa lako la kidato cha pili kulikuwa na madawati yaliyobaki wazi, na nadhani ukikaa ukafikiri utakumbuka jina moja au mawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa langu la kidato cha tatu lina wanafunzi 63. Piga hesabu.

Nani hasa anatoa huduma hii shuleni?

Utaratibu ni shule kuwa na walimu wawili wa malezi na unasihi, wa kike na wa kiume, ili mwanafunzi achague anayemfaa. Kwetu wanafunzi walipendekeza majina kwa kura ya siri, na mkuu wa shule akakubali waliowapendekeza hata pale ambapo yeye angependa wengine. Hilo lilisaidia kuliko semina yoyote. Bwenini yuko matroni au patroni, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kuwa fulani halali. Mwalimu wa darasa huona alama zinavyoporomoka. Mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopata mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia mwaka 2020, una sehemu inayoitwa Shule Salama, na mafunzo ya walimu wa unasihi yamo humo.

Nje ya shule yuko Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Shule nyingi humkumbuka maji yakishafika shingoni. Namba yake inatakiwa iwe ukutani mwa ofisi kabla ya tatizo lolote, maana usiku wa tatizo hakuna anayejua aliko.

Sasa niseme ukweli ambao wazazi hawaupendi: mimi si daktari wa akili. Nina mafunzo ya kusikiliza, kutambua dalili, na kujua wapi pa kumpeleka mtoto. Akihitaji zaidi ya hapo, kuna hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na kubwa zaidi kama Muhimbili, Bugando, KCMC au Mirembe ya Dodoma, ambayo ni ya magonjwa ya akili. Ukisikia jina Mirembe usishtuke. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanarudi darasani na kazini.

Nitajuaje kama jambo langu ni kubwa vya kutosha kulileta?

Hatuna mizani mlangoni. Waliowahi kukaa kwenye kile kiti walileta haya: baba na mama wanaachana na kila mmoja anampigia simu amchongee mwenzake, kidato cha kwanza anayelazimishwa kufua nguo za watu wanne bwenini, kijana ambaye Kiingereza cha darasani hakimwingii na anaona aibu kuuliza, msichana asiye na taulo za kike na hivyo hukosa shule siku nne kila mwezi, aliyefiwa na mlezi na akarudi shule siku ya tatu kwa sababu mitihani ilikuwa inaanza, na mmoja aliyekuja kuniambia kwamba ana furaha kupita kiasi na anaogopa. Wote walikuwa na haki ya kukaa pale.

Dalili zinazotufanya sisi tukutafute hata kama hukuja ni hizi: umeacha kula au kulala, unajitenga na watu uliokuwa nao kila siku, unapitiwa na usingizi kila kipindi, unakuwa mkali kwa jambo dogo, au umeanza kugawa vitu vyako. Moja peke yake inaweza isiwe kitu. Zikija pamoja na zikadumu zaidi ya wiki mbili, nitakutafuta.

Nikikuambia, utamwambia mama? Utamwambia mkuu wa shule?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanalizunguka hili.

Kila anayekaa namwambia maneno haya kabla hajafungua kinywa: "Utakayosema yanabaki humu. Ila kuna matatu siwezi kuyabeba peke yangu: mtu akiwa anakuumiza, wewe ukitaka kujiumiza, au wewe ukitaka kumuumiza mwingine. Hapo nitalazimika kumwambia mtu, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani na lini." Wengine wakisikia hivyo hunyamaza. Wengine huondoka. Afadhali aondoke akijua mpaka uko wapi kuliko aseme yote kisha ashangae kumkuta mjomba wake getini.

Mipaka hiyo haikutungwa na mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo karibu wote wa kidato cha kwanza hadi cha nne wamo.

Yasiyo hayo matatu hayatoki. Daftari langu halina majina, lina namba, na halikai ofisi ya walimu. Nilijifunza kwa kuumiza. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mwalimu mwenzangu, kwa nia njema kabisa, "huyu mchukulie taratibu, nyumbani kwao kuna mambo". Siku ya pili mwenzangu akamwambia yule mwanafunzi mbele ya darasa zima, "wewe hata mwalimu wa malezi amesema una mambo nyumbani, hebu tulia." Darasa likacheka. Mtoto yule hakukanyaga tena mlangoni kwangu mpaka anamaliza kidato cha nne, na mpaka leo sijui lile jambo liliishaje. Tangu siku hiyo nikitaka mwalimu mwingine asaidie, naomba ruhusa kwa mwenye jambo, na nasema kinachohitajika tu: "naomba huyu akae mbele mwezi huu." Basi.

Mwalimu wa malezi ndiye huyohuyo anayetuchapa. Nimwaminije?

Una haki ya kuuliza. Maoni yangu, na wapo walimu wenzangu wanaonipinga chumba cha walimu, ni kwamba anayefanya unasihi asiguse fimbo kabisa. Mlango wa nidhamu na mlango wa unasihi haiwezi kuwa mlango mmoja. Mtoto hawezi kukuambia saa nne kwamba anakunywa pombe ya kienyeji akijua saa nane wewe ndiye wa zamu.

Na kwa kuwa wengi hawajui, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema hivi: kiboko ni kwa kosa kubwa, kinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, hakizidi viboko 4, msichana anachapwa na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina hata mmoja, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Kinachofanyika pale mstarini kwa wengi wetu, kila mwalimu na fimbo yake, hakimo kwenye kanuni hizo. Mwanafunzi akilileta kwangu lalamiko la namna hiyo nalipokea kama lalamiko lolote la kuumizwa.

Mimi fimbo niliiweka chini mbele ya paredi, nikawaambia mbele ya wote kwamba kuanzia leo sichapi. Hawakuniamini. Muhula ule mzima walikuja wawili tu. Mmoja alikuwa amepotea njia, na wa pili alikuja kuazima kalamu. Yule wa kalamu alirudi baada ya wiki mbili kuirudisha, akasimama mlangoni muda mrefu akiibonyezabonyeza, halafu akakaa.

Mwanangu amepangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali. Kila nikimpigia analia. Nimhamishe?

Usimhamishe wiki ya kwanza. Na usimwambie utamhamisha kama huna uhakika, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa uhamisho hatandiki kitanda chake. Anaishi na begi lililofungwa.

Elewa kwanza kinachompata. TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa, inapanga, mtoto wa Kagera anajikuta Lindi. Anafika Julai na tranka la bati, godoro lililoviringishwa na ndoo, baada ya siku mbili za basi. Hajui mtu. Amezoea ndizi, hapa ni ugali na maharage, na maharage yenyewe ya shule mnayajua. Huko alikotoka alikuwa wa kwanza darasani; hapa kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Jaribio la kwanza la Fizikia anapata 18 kwa mia, alama ambayo hajawahi kuiona maishani. Halafu taa zinazimwa, na bweni lina watu arobaini ambao nao wanajifanya wamelala.

Nimeona yafuatayo yakisaidia. Pangeni na matroni siku na saa moja ya simu, tuseme Jumapili saa kumi jioni, na mzazi usikose. Simu ya kila siku inamrudisha nyumbani kila siku. Kwenye simu usianze na "umefaulu jaribio?" Anza na "jana mlikula nini?" na umwache aeleze. Mtumie kitu kidogo kwa mtu anayesafiri, hata kama ni karanga tu, maana karanga za kwao anazigawa na ndivyo urafiki wa bwenini unavyoanza. Na mwambie kwamba wewe pia ulilia, kama kweli ulilia.

Wengi hutulia ndani ya mwezi. Asiyetulia, ambaye mwezi wa pili bado hali, hajitazami, haogi, na daftari zake hazina maandishi, huyo si wa kuambiwa "vumilia, maisha ndivyo yalivyo". Mpigie mwalimu wa malezi, na hapo suala la uhamisho lizungumzwe kwa uzito wake.

Bwenini wasichana wanaanguka, wanapiga kelele, wengine wanakimbia ovyo. Ni mapepo?

Kila mwaka nasikia habari hii kutoka shule fulani, na kila mara inakuja na mchungaji, shehe na mganga wa kienyeji, wote siku moja.

Nianze na kisa cha kwetu wenyewe. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, huko Kagera ya leo, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Cheko likageuka kilio, kilio kikarudi kuwa cheko. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wengine ilidumu saa chache, wengine mpaka siku 16. Waliporudishwa nyumbani ikaibuka kijiji cha Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, wengi wao vijana na watoto. Madaktari walipima, hawakukuta kidudu wala sumu. Na angalia hili: hakuna mwalimu hata mmoja wa Kashasha aliyepatwa.

Kinachoambukizwa pale ni hofu. Miili ya watoto wengi waliofungiwa pamoja, wamechoka, wanaogopa mtihani au matroni au njaa, hupata mlango mmoja wa kutokea, na aliyetangulia huwaonyesha wengine njia. Hawaigizi. Aliyeanguka ameanguka kweli na anaumia kweli, kwa hiyo kumchapa "aache maigizo" ni ukatili.

La kufanya: mganga wa zahanati aje kwanza aangalie malaria, maji na chakula, maana wakati mwingine ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Walioanguka wapelekwe mahali palipotulia, mmoja mmoja, mbali na macho ya watu. Watazamaji waondolewe, kwa kuwa kila anayetazama yuko kwenye foleni. Maombi ya makelele bwenini usiku yanaongeza moto. Anayetaka kumwombea mtoto amwombee kwa sauti ya chini, mchana. Kisha, mambo yakishatulia, kaeni na wasichana wenyewe muwaulize nini kinawakaa rohoni. Nimewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo. Ilichukua karibu saa nzima kabla mmoja hajasema kwamba mlango wa bweni lao haufungi kwa ndani, na kwamba usiku huwa wanasikia mtu anausukuma. Fundi aliletwa siku iliyofuata akaweka komeo.

Je, dini haitoshi?

Kwa wengi inasaidia sana, na vikundi vya dini vya wanafunzi ni mahali ambapo mtoto mgeni anapokelewa siku ya kwanza bila kuulizwa ametoka wapi. Sijawahi kumzuia mtu kwenda kwa shehe wala padri wake. Ila kiongozi wa dini mwenye busara akikuta mtoto halali wiki ya tatu, naye humleta hospitali. Wa kuogopwa ni yule anayesema acha dawa.

Rafiki yangu ameniambia anataka kufa, na amenifanya niape sitasema.

Kiapo hicho kivunje. Atakasirika. Hasira yake utaiweza.

Kwanza, usimwache peke yake. Kaa naye, na mtume mtu mwingine amwite mwalimu, matroni au patroni. Usisubiri asubuhi, tugongee nyumbani. Pili, usiogope kumuuliza waziwazi: "unafikiria kujiua?" Watu wanadhani kuuliza kunamtia mtu wazo. Hakumtii. Kunampa nafasi ya kuacha kuficha. Tatu, usimwambie "mbona una kila kitu" wala "ni dhambi". Mwambie umemsikia na kwamba mnakwenda pamoja kwa mtu.

Na wewe uliyebeba habari hiyo njoo pia, kesho yake au wiki ijayo. Ni mzigo mkubwa kwa mtu wa miaka kumi na sita.

Mzazi au mwalimu anayesikia kauli hiyo aichukue kama ilivyosemwa. Hata aliyeisema kwa hasira baada ya kunyang'anywa simu, muulize. Ukiona hatari iko karibu, peleka hospitali usiku huohuo.

Kuna namba ya kupiga bila kupitia mwalimu?

Ipo: 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe na mtu mzima anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto. Kenya na Uganda nao wanatumia 116 hiyohiyo kwa huduma zao za watoto.

Tatizo unalijua: shuleni simu haziruhusiwi. Namba iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na simu ikiwa imefungiwa kabatini kwa mwalimu wa nidhamu, ni pambo. Kwetu tulikubaliana simu ya matroni itumike kwa 116 bila mwanafunzi kuulizwa anapiga kwa sababu gani. Ombeni shule yenu ifanye hivyo.

Mtu mzima, ndugu au mwalimu, ananishika au ananitaka. Nikisema si nitaonekana mimi ndiye mbaya?

Kosa ni lake. Hata kama ulipokea vocha yake, hata kama ulipanda bodaboda yake, hata kama ulinyamaza mara ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana mmoja katika 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hauko peke yako.

Kama umebakwa, saa 72 za kwanza ni muhimu mno, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora. Nenda hospitali na nguo ulizokuwa nazo, usioge kwanza ukiweza. Usikae nyumbani ukisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Daktari aanze, polisi watafuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja ili usirudie kusimulia mara tano. Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Mzazi, usikubali "kuyamaliza kifamilia". Najua shinikizo lilivyo. Mbuzi anachinjwa, wazee wanapeana mikono, na Jumatatu mtoto anakutana na mtu yuleyule njiani kwenda shule. Aliyempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kufuta hilo.

Nimepata ujauzito. Ndiyo basi shule?

Hapana. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi katika mfumo rasmi, ndani ya miaka 2. Ipo pia njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Waraka unakurudisha darasani, lakini haufungi midomo ya wenzako siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujaripoti, njoo tuzungumze utakaa na nani, mtoto atanyonya saa ngapi, na utamjibu nini wa kwanza atakayekuita mama fulani.

Wavulana nao wanakuja?

Wachache, na karibu wote huja wakisingizia kitu. Hawakai kitini. Husimama wakitazama dirishani, au tunazungumza tukimwagilia bustani, kila mmoja anatazama mche wake. Nimeacha kuwalazimisha kukaa.

Nikija nitaandikwa kwenye faili? Nitakosa chuo?

Huandikwi. Cheti cha kidato cha nne kina masomo na madaraja, hakina safu ya machozi. Huduma hii haina malipo.

Matokeo yametoka, mwanangu amepata ziro. Hatoki chumbani.

Januari ni mwezi mgumu kwangu kuliko hata Novemba ya mitihani. Matokeo yako wazi mtandaoni shule kwa shule, na jirani anayeijua namba ya mtihani ya mtoto wako amekwisha kuiona kabla yako. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora mwaka 2023, na naliunga mkono, lakini mtaa bado unatangaza wake.

Siku ya kwanza usizungumzie ada, wala binamu aliyepata daraja la kwanza. Mpe chakula, kaa karibu, acha mlango wazi. Mpe kazi ndogo ya kutoka nje, akanunue chumvi. Anayetoka kununua chumvi amekutana na macho ya watu na amerudi mzima. Siku ya tatu au ya nne ndipo mzungumze kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ufundi VETA, au kozi ya cheti. Na umsikie yeye kwanza alitaka nini, maana nimekutana na kijana aliyepata ziro katika masomo ya sayansi aliyolazimishwa, na akiwa na daftari zima la michoro ya magari.

Shule yetu haina chumba wala mwalimu aliyesomea. Tuanzie wapi?

Mwembe unatosha. Viti viwili, mahali mnapoonekana na kila mtu lakini hamsikiki na yeyote. Hilo linamlinda mwanafunzi na linamlinda mwalimu pia. Chagueni mwalimu ambaye wanafunzi humfuata wenyewe wakiwa na shida, hata kama ndiye mdogo kuliko wote kazini, na mumwondolee zamu ya nidhamu. Wekeni saa isiyobadilika. Mimi ni Jumatano na Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, na nakaa hata asipokuja mtu, nasahihisha daftari. Wiki za kwanza mtakaa peke yenu. Akija wa kuazima kalamu, mpeni.